Ndago Iliyonona

Ijumaa alasiri wanaume wa Garsen hurudi nyumbani na nyama, na asiye na nyama hurudi na maneno matamu. Tahir alikuwa akirudi na mfuko wa magugu. Mkewe, Mwanaarusi, alimngoja kibarazani na sinia mapajani, na mfuko ulipofika aliumwaga kwenye sinia na kuanza kuchambua jani moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Majirani walikuwa wamewacheka mpaka wakachoka. Swabra, aliyekaa nyumba ya pili, alisema ameona wanawake wakiletewa mengi na waume zao, mengine ya aibu, lakini mke wa kuletewa majani naye si mbuzi, huyo ndiye wa kwanza kumwona.

Acha wacheke. Asiyejua maana haambiwi maana. Magugu yale yalitoka kwenye kaburi la Khairat, mtoto wao wa pekee, na kwa desturi ya watu wa Tahir mwanamke hakanyagi makaburini, si siku ya maziko wala baada yake. Mwanaarusi hakuwahi kupaona mahali alipolala mwanawe. Alichokuwa nacho ni mfuko ule wa Ijumaa.

Yeye alikuwa mtu wa Kipini, huko mto unakoishia, na lafudhi ya kwao haikumtoka hata baada ya miaka yote ya kuishi na wakulima wa juu. Watu wa Tahir walishuka zamani kutoka Ndera wakitafuta mashamba ya kingo za mto, wakajenga kijiji chao si mbali na Garsen. Mwanaarusi alipoolewa huko alifika na masanduku kama bibi harusi yeyote, na juu ya masanduku mkebe wa maziwa ya unga wenye kipande cha ukoka, nyasi laini za kutambaa. Aliupanda mbele ya mlango. Wanawake wa kijiji walipita wakasimama kushangaa. "Sisi majani yanatuua shambani," walimwambia, "wewe unayanywesha maji?" Yeye akacheka, akaendelea kunywesha. Aliukata kwa panga akiwa amepiga magoti, akaondoa kila kilichoota humo bila kualikwa, mpaka pakawa na zulia la kijani ambalo hata wageni kutoka Hola walilisifu. Khairat alijifunzia kutembea juu ya zulia lile. Alianguka hapo mara nyingi na hakuumia hata mara moja.

Homa ilimchukua kabla hajaanza kung'oka meno ya utoto. Mvua ilikuwa imekata barabara, na alipopatikana mtu wa kuwavusha hapakuwa tena na mgonjwa wa kuvushwa. Siku ya maziko, wanawake wakilia ndani, Mwanaarusi alitoka na kisu cha jikoni, akakata kipande kizima cha ukoka pamoja na udongo wake pale mtoto alipopenda kukaa, akakiweka kwenye ungo na kumwita mumewe.

"Mfunike na hiki, Baba Khairat. Amekizoea."

Tahir aliupokea ungo. Mkewe akamshika mkono. Akamkumbusha wanalolijua wote tangu chuo cha Kurani, kwamba kitu kibichi juu ya kaburi humsabihi Mola wake, na aliye chini hupata afueni maadamu kibichi kipo.

"Kikikauka kimenyamaa," alisema. "Usikiwate kikauke."

Tahir aliahidi, na kwa muda mrefu aliitimiza ahadi ile kwa magoti na vidole vyake. Tatizo ni kwamba ardhi haina adabu, haioteshi ulichopanda peke yake. Kabla ya mwaka kwisha, ndago ilikuwa imeingia kwenye ukoka wa Khairat. Tahir aliijua ndago kama adui wa shambani, adui wa kufyekwa bila kutazamwa usoni, lakini ndani ya nyasi laini alishindwa kutofautisha. Vyote vilikuwa vya kijani. Mara ya kwanza alivuta vyote, na Mwanaarusi alipokuta vitawi vya ukoka kwenye sinia alimgombeza kama aliyemng'oa mtoto nywele.

"Si kwa mato," alimwambia, akijigusa jicho. "Mato yatakudanganya. Vingirisha shina baina ya vidole. Likizunguka taratibu, liwate. Likiwa na pembe tatu, hiyo ndago. Wala usivute. Ukivuta, jani lakuyia mkononi na kijiazi chasalia tini, kesho wakuta kimezaa."

Basi Tahir akachonga kijiti cha mkoma, akajifunza kuifuata ndago chini ya ardhi, kutoka kijiazi hadi kijiazi, uzi mweusi mwembamba unaoviunganisha kama tasbihi. Kila Ijumaa alichimba, akatia mfukoni, akampelekea mkewe. Naye alivingirisha kila shina, akavunja vijiazi na kuvinusa, kwa sababu kijiazi cha ndago kina harufu nzuri, na bibi zake Kipini walikuwa wakikitia kwenye manukato. Akishamaliza, mikono yake ikinuka udongo wa mwanawe, alikuwa mtu wa kuweza kuzungumza naye. Ndivyo alivyokuwa akimzuru.

Kisha mto ukaja. Watu wa Tana hawaogopi mafuriko ya kawaida. Mafuriko ndiyo yanayorutubisha mashamba yao, na mwaka mto ukikaa kwake, wao hununa. Lakini yale ya mwaka wa El Nino yalikuja kuchukua tu. Maji yaliingia mchana watu wakiwa wanapika, yakakaa, yakapungua kidogo, yakarudi tena na masika kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Kijiji kizima kikahamia Garsen, kwanza kwenye mahema kando ya lami, halafu kwenye vyumba vya kupanga na vibanda vya mabati. Kijiji walichokiacha wakaanza kukiita Zamani. Mtu akisema "naenda Zamani," kila mmoja alijua ni safari ya bodaboda juu ya tuta na kisha kutembea.

Maji yalipokauka Tahir alikwenda Zamani. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimerudi kuwa udongo. Mbele ya mlango usiokuwepo, palipokuwa na zulia la mkewe, palikuwa na tope kavu lililopasukapasuka. Alipita bila kusimama. Makaburini alisimama, maana hakuwa na pa kwenda. Tope lilikuwa limefunika kila kitu kimo cha goti, vilima vyote vya makaburi vimelala sawa, vijiti vya vichwani vimechukuliwa na maji, na mgunga uliokuwa alama yao wote umeng'oka na mizizi yake. Juu ya tope lile ilikuwa imeota ndago. Ndago tupu, kutoka mwanzo wa makaburi hadi mwisho, nzito na ya kung'aa, kana kwamba pamepandwa.

Alimkuta huko Jaafar, mchimbaji makaburi wa kijiji, amekaa juu ya gogo la ule mgunga.

"Usitafute, Tahir," Jaafar alisema kwa Kiswahili chake cha kuazima. "Hizi karibu zote nilichimba mimi, na mimi mwenyewe sijui tena. Baba yangu iko hapa. Iko wapi? Sijui. Sisi wote tumepoteza. Soma fatiha moja, Mungu atagawa mwenyewe."

Tahir alisoma. Lakini fatiha ya Jaafar haikuwa kitu cha kutiwa mfukoni na kupelekwa Garsen. Alirudi mikono mitupu, na njiani alipanga namna ya kumwambia mkewe, akapanga vizuri kabisa, na alipofika barazani maneno yote yakamkimbia.

"Umemuona?" Mwanaarusi aliuliza kabla hajavua viatu.

"Nimemwona."

"Na ukoka?"

"Umeshika," alisema Tahir. "Maji hayakuugusa sana."

Hakuwa mwongo, masikini. Maneno yale hakujua yametokea wapi, na yalipokwisha kutoka ilikuwa kama maji yaliyomwagika. Mwanaarusi alifunika uso kwa viganja, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Swabra akatoka kuuliza kuna habari gani njema.

Ijumaa iliyofuata alimletea mfuko, ndago ya popote, ya palepale aliposimama. Mwanaarusi alivingirisha shina la kwanza. Akachukua la pili. Akavunja kijiazi, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia.

"Imenona," alisema.

"Mvua ilikuwa nyingi," Tahir alijibu.

Mkewe alimtazama kwa kitambo, kisha akayatazama magugu, akaliondoa sinia mapajani. Tangu siku hiyo chakula chake kilianza kurudi jikoni kama kilivyotoka, na Tahir alimsikia akijigeuza kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Mtu aliyebanwa hutafuta tundu. Karibu na njia panda ya Garsen palikuwa na nyumba ya wageni yenye uwanja wa nyasi mbele, ukoka mzuri wa kukatwa kwa mashine, na mtunza bustani alikuwa akivitupa nyuma ya ukuta vitawi vilivyokatwa. Tahir aliomba gunia moja akapewa bila kuulizwa. Alilipeleka Zamani. Alisimama makaburini, akakisia ulipokuwa mgunga, akakisia upande wa mto, akajiambia ni hapa. Pengine ni hapa. Akafyeka ndago, akachimbua vijiazi, akapanda vitawi vile kwa mstari wa kaburi la mtoto, akazungushia miiba ya mathenge ili mbuzi wasifike. Ndago aliyoichimbua aliitupa kando, hatua chache upande wa mto, ikawa rundo.

Ukoka ulishika. Hilo ndilo la ajabu la nyasi, hazijui zimepandwa na nani wala kwa nini. Msimu haukuisha pakawa na kipande cha kijani laini katikati ya ndago, na Tahir alikuwa akikipalilia kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupalilia kile cha kweli. Akatupa magugu yote kwenye rundo lake, na kiganja cha kumpelekea mkewe akakichuma njiani akirudi.

Ndipo siku moja, akiwa amepiga magoti, alipogundua kitu. Ndago iliyoota ndani ya ukoka haikuwa kama ile ya nje. Ilikuwa nyembamba, ndefu, rangi imepauka, imekazana kupita katikati ya nyasi ili ipate jua. Ile ya nje, isiyo na mshindani, ilikuwa fupi na nene kama kidole. Tahir alishika shina la kila moja, moja mkono huu na moja mkono ule, na neno la mkewe likamrudia. Imenona. Alikuwa amempelekea ndago ambayo haikuwahi kuota penye ukoka, na vidole vya Mwanaarusi vilikuwa vimeyasoma yote siku ileile.

Angeweza kurudi nyumbani akasema kweli. Mimi ningesema angepaswa, lakini ni rahisi kwangu, si mimi niliyekuwa namsikia mke akijigeuza kitandani. Alichokifanya ni kujaza mfuko ndago nyembamba.

Mwanaarusi alivingirisha shina moja. Akalivingirisha tena.

"Ni ya pale?" aliuliza.

"Ya pale."

"Baba Khairat. Ni ya pale penyewe?"

"Wallahi ya pale," alisema Tahir.

Alilia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo. Tangu siku hiyo alilala. Akala. Akaenda kwa Swabra kusukwa, na wakasikika wakicheka kule. Baada ya Ijumaa kadhaa aliomba kitu kingine, akiomba kwa aibu kama msichana: kitawi kimoja tu cha ukoka wa Khairat, akipande hapa mlangoni, maana ule wa nyumbani mto umeuchukua. Tahir angekataaje? Alimkatia. Mwanaarusi alikipanda mbele ya chumba chao cha kupanga, akakizungushia mawe, akawa anakimwagia maji ya kuoshea mchele. Kila aliyepita aliambiwa huo ni ukoka wa Khairat.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Tahir ilikuwa ndefu, tena ilipita juu ya tuta na kwenye matope, na kila Ijumaa aliitembea. Kibaya zaidi, alianza kuizoea. Alikuwa akifika kwenye kile kipande chake cha kijani anasalimia. Anamweleza Khairat habari za mama yake, anamwambia mama sasa anakula. Akichoka alikaa, na alipokaa alikuwa amelipa rundo la magugu mgongo. Siku nyingine alisahau kabisa kwamba ukoka ule ni wa nyumba ya wageni.

Mzee Ubeid, mmoja wa waliohama nao, alipofariki, aliacha neno kwamba hatalala Garsen, alale Zamani pamoja na wenzake. Wosia wa maiti haukataliwi. Wanaume walimbeba kwa gari mpaka tuta lilipoishia, wakambeba tena kwa mabega, na Jaafar na Tahir walitangulia kuchimba. Jaafar alikitazama kile kipande cha kijani chenye ua la mathenge.

"Hapo iko yako," alisema.

"Ndiyo," alisema Tahir.

"Wewe una bahati. Ulipata." Jaafar alitazama huku na huku. Palipobaki wazi pa kusimama vizuri ni upande wa mto. "Basi sisi tutachimba hapa kwa hii takataka. Ondoa."

Walilifagia rundo kwa majembe. Halikuondoka kirahisi. Vijiazi vilivyotupwa pale Ijumaa baada ya Ijumaa vilikuwa vimeshika mizizi, na ndago iliyoota juu yake ilikuwa ndiyo nene kuliko zote za makaburini, nene, nyeusi kwa ubichi. Waliifyeka, wakaanza kulichimba tope la mafuriko, ambalo lilikatika laini kama keki ya siagi. Shimo lilipofika kimo cha goti jembe la Jaafar likatoa sauti tofauti, sauti ya kukata mkeka.

Jaafar aliacha kuchimba. Aliinama, akainua kipande.

"Tahir. Hii majani gani?"

Yalikuwa majani makavu yaliyosokotana, rangi ya kahawia, na mizizi yake bado imeshikamana na udongo mweusi ambao haukuwa wa mafuriko. Tahir aliyapokea. Mikono yake ilijua kabla yake. Alitenga shina moja, akalivingirisha baina ya kidole gumba na cha shahada. Lilizunguka taratibu. Halikuwa na pembe. Lilikuwa na vifundo vyake, kimoja baada ya kingine, kama vya ukoka.

Alipiga magoti akafukua kwa viganja, akifuata ukingo. Ulikwenda kidogo tu, ukakata kona, ukarudi. Kipande cha nyasi cha urefu wa mtoto, kilichokatwa kwa kisu cha jikoni na kuletwa kwenye ungo. Hapakuwa na mwingine katika kijiji kizima aliyewahi kumfunika maiti wake kwa ukoka.

"Fukia," alisema. "Jaafar, fukia."

Walirudisha tope taratibu, kwa mikono, na alipokuwa akisawazisha Tahir aliona yote kwa mpigo mmoja. Hapa ndipo alipokuwa akitupa. Kila Ijumaa alipalilia nyasi za wageni juu ya ardhi asiyojua ina nani, na magugu yake akamrushia mwanawe. Alikaa amempa mgongo na kumsimulia habari za mama yake huku anatazama kwingine. Alilia wanaume wakiwa wanafika na jeneza, nao wakadhani anamlilia Ubeid, wakamwambia asubiri, kila nafsi itaonja mauti.

Walimchimbia Ubeid mbali kidogo. Walipomaliza na watu kuondoka, Jaafar alimwuliza jambo moja tu.

"Na ile nyingine, ile bustani. Ni ya nani?"

"Sijui," alisema Tahir.

Jaafar alitikisa kichwa, akapangusa jembe lake. "Basi usiache. Huko chini labda iko mtu alikuwa anafurahi."

Tahir alirudi Garsen bila mfuko. Mwanaarusi alikuwa kibarazani, sinia mapajani. Aliitazama mikono ya mumewe, akadhani ni kwa sababu ya maziko, akaanza kusema hapana neno, Ijumaa nyingine. Tahir alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti, akamweleza. Alieleza kuanzia siku ya tope mpaka siku ya jembe, hakuficha nyumba ya wageni, hakuficha kiapo, hakuficha rundo. Alipofika kwenye rundo alishindwa kuendelea, akalazimika kuanza tena.

Mwanaarusi alipapasa ukingo wa sinia tupu.

"Ile ya kwanza niliyua," alisema mwishowe. "Ilinona. Nikasema moyoni, mtoto amepotea, na babake aona haya kunambia. Ningekusamehe, Tahir. Nalikuwa nangoya tu useme." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu siku alipozaliwa Khairat. "Kisha ukaniletea nyembamba. Ukaapa. Nami nikaamini umemuona. Nikalala usingizi. Nikateka kwa Swabra, nikafurahi." Akaliweka sinia chini. "Usingizi ule ulikuwa wa nini?"

Tahir alibaki pale sakafuni. La kuvunda halina ubani. Mkewe aliingia ndani. Sinia lilitundikwa ukutani nyuma ya mlango, na Ijumaa zikapita hakuna aliyeligusa. Walizungumza ya lazima, chumvi imekwisha, maji yamefika. Ule ukoka wa mlangoni Mwanaarusi hakuung'oa, lakini hakuumwagia maji tena, na aliutaja mara moja tu, Swabra alipomwuliza mbona unakauka.

"Ni wa nyumba ya wageni," alijibu. "Wageni wataumwagia."

Tahir aliendelea kwenda Zamani. Kile kipande cha kijani alikipalilia kama alivyoshauriwa, haraka, kwa heshima, kama mtu anayemsalimia jirani. Kisha alikwenda upande wa mto. Tope walilorudisha lilikuwa tupu siku za kwanza. Alifikiria kuhamisha ukoka, akaona ni kumwibia mmoja kumpa mwingine, akaacha. Alipokuja tena ncha zilikuwa zimetoka, kali na za kung'aa. Aliporudi baadaye ndago ilikuwa imejaa. Alipiga magoti, na mkono kwa mazoea ukatangulia na kijiti. Ukasimama hewani. Hapakuwa na kitu kingine kibichi juu ya mwanawe. Alikirudisha kijiti mfukoni, akakaa na ndago ile mpaka jua likaanza kumchoma shingo.

Asubuhi ya Ijumaa moja Mwanaarusi aliliondoa sinia ukutani. Alilipangusa vumbi kwa upindo wa leso.

"Leo niletee," alisema bila kumtazama. "Ya pale. Moya tu. Na viazi vyake."

Tahir aliichimbua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuchimbua gugu lolote, akiufuata uzi mweusi chini ya tope, asiukate. Aliifunga kwenye kitambaa chenye maji ili isinyauke. Alasiri aliiweka katikati ya sinia, peke yake, na akasimama kando kama mtu anayengoja hukumu.

Mwanaarusi aliivingirisha. Pembe tatu. Shina fupi, nene kama kidole cha mtoto. Aligusa kijiazi cha kwanza, cha pili, akafikia cha mwisho kilichokuwa na udongo bado, na udongo wenyewe ulikuwa mweusi, si wa mafuriko.

"Mtanga huu wa kwetu," alisema.

Tahir aliitikia kwa kichwa.

"Imenona," akasema Mwanaarusi, na sasa sauti yake ilivunjika katikati ya neno. Alikumbatia sinia kifuani akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko wala siku ya kuambiwa, kikatoka mpaka nje barabarani. Tahir alikaa karibu naye. Hakufukuzwa, na kwake hilo lilikuwa jingi.

Kilio kilipopungua alinyanyuka, akachukua kile kisu cha jikoni, akaenda mlangoni penye duara la mawe. Ukoka wa wageni ulikuwa umebaki vitawi vichache vya manjano. Alichimba katikati yake, akalaza ndago na vijiazi vyake vyote, akafukia. Swabra, aliyekuwa akianua nguo, alimwona na akashindwa kuvumilia.

"Wee Mama Khairat! Unapanda ndago mlangoni? Hiyo ikishaingia haitoki tena maisha yako yote!"

Mwanaarusi alikuwa akibonyeza udongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nayua," alisema. "Niletee mai."